Ringi iliyoliwa na breki: uchambuzi wa kisa cha gurudumu la nyuma

Mwenye baiskeli ameniruhusu nisimulie kisa hiki. Jina lake, mji wake na alama za baiskeli nimeziondoa. Vipimo vyote ni vile nilivyoviandika kwenye daftari la kazi wakati ule, pamoja na vile vinavyonitia aibu.

Baiskeli na mwenyewe

Ni mwalimu wa sekondari, umri umeshavuka hamsini, anaishi milimani upande wa Usambara. Baiskeli ni ya resi, ya miaka ya 1980, fremu ya chuma, mtumba kutoka Ulaya. Nyuma ina friwili (kile kifungu cha meno ya gia kinachofungwa kwa uzi) ya gia sita, na nafasi ya fremu pale habu, yaani kitovu cha gurudumu, inapokaa ni milimita 126. Ringi zote mbili ni za alumini, zina matundu 36, na ukubwa wake ni ule unaoitwa 700C. Breki ni za raba zinazobana ukuta wa ringi.

Kwenye breki za namna hiyo, ringi ni nusu ya breki. Kwamba raba hulika kila mtu anajua, na hununua nyingine bila kunung'unika. Ringi nayo hulika, ila kwa kuwa hulika polepole watu huihesabu pamoja na fremu, kitu cha kudumu hadi baiskeli iuzwe kwa chuma chakavu. Ule unga mweusi unaoshika vidole ukifuta ringi baada ya mvua si tope tupu. Mwingine ni alumini ya ringi yenyewe.

Aliyewahi kushuka barabara ya Lushoto kwenda Mombo anajua mwalimu anapita njia ya namna gani kila siku ya kazi: kona baada ya kona, na masika yakianza maji huburuta mchanga hadi katikati ya lami.

Lalamiko

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hii breki inanishika na kuniachia, inanishika na kuniachia, kama gari linalotaka kuzima."

Alikuwa ameshalipa mafundi wawili. Wa kwanza alibadili raba. Wa pili aliona ringi imetoka upande wa kulia, akaichukulia kuwa pogo, yaani ringi iliyopinda kwenda upande, akainyoosha kwa spana ya spoku. Ikatulia siku mbili, ikarudi pale pale. Siwalaumu. Ukitazama upande mmoja tu, pogo na uvimbe vinafanana kabisa. Tofauti unaiona ukipima pande zote mbili kwa pamoja: ringi yenye pogo ikitoka kulia huwa imeingia kushoto, upana wake ni ule ule, ringi iliyovimba upana wenyewe unaongezeka.

Vipimo

Nilianza na venia, ile rula yenye taya za kubana, tairi likiwa na upepo wake wa kawaida, psi 100. Karibu mzunguko wote ringi ilikuwa na upana wa milimita 20.2. Kwenye sehemu moja, kiasi cha kiganja kutoka kwenye valvu, ilikuwa 20.9. Nikatoa upepo, nikapima tena pale pale: 20.4. Ukuta ulikuwa unasukumwa nje na tairi, na upepo ukitoka unarudi. Hakuna spana ya spoku inayoponya hilo.

Kisha nikalaza ukingo wa rula ya chuma kwenye uso wa breki na kuuelekeza kwenye taa. Mwanga ulipita chini ya rula, katikati. Uso uliotakiwa kuwa bapa ulikuwa umebonyea kama kijiko.

Unene wa ukuta una ujanja wake. Venia ikiwekwa moja kwa moja inashika ule ukingo wa juu unaoshikilia tairi, ambao ni mnene, na inakupa namba ya kukufariji. Nilikata vipande viwili vya spoku ya milimita 2, kimoja nikakiweka ndani ya ukuta chini ya ukingo, kingine nje kwenye bonde la uso wa breki, nikapima vyote kwa pamoja na kutoa 4. Pembeni mwa uvimbe ilibaki milimita 0.8. Upande wa pili 1.1. Mafundi wengi ninaowajua huiona ringi ya alumini imekwisha ikishuka chini ya milimita 1. Hii juu ya hayo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa sentimita tatu, umelala sambamba na ukingo.

Nilimwonyesha. Alikaa kimya, kisha akasema jana yake alishuka nayo hadi chini na mfuko wa madaftari mgongoni. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa bodaboda, baiskeli ikabaki kwangu.

Kwa nini ya nyuma, na kwa nini sasa

Kwenye mteremko uzito wa mwendeshaji husogea mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Mwalimu alikuwa haigusi. "Ya mbele inamrusha mtu," aliniambia, kama alivyoambiwa utotoni. Kwa hiyo aliibana ya nyuma mfululizo kuanzia juu hadi chini, mwaka hadi mwaka, na gurudumu la nyuma ndilo linalorushiwa tope na la mbele. Nilipozitoa raba nilichokoa kwa pini vipande vitano vinavyong'aa vilivyozama ndani yake. Ni alumini ya ringi hiyo hiyo, imegeuka kuwa tupa ya kujikatia yenyewe.

Kuna jambo la pili ambalo hata mimi sikulifikiria mpaka nilipokaa na kalamu. Miezi michache kabla, mwalimu alibadili tairi la milimita 23 akaweka la 28 ili apate ulaini kwenye mashimo. Uamuzi mzuri. Ila upepo aliuacha pale pale, psi 100. Mvuto wa tairi kwenye ukingo wa ringi ni shinikizo la upepo mara nusu ya upana wa tairi. Kwa 23 ni karibu niutoni 8 kwa kila milimita ya mzunguko. Kwa 28 ni karibu niutoni 9.7. Ongezeko la zaidi ya asilimia 20, juu ya ukuta ambao ulishapoteza karibu nusu ya unene wake. Tairi nene linahitaji upepo mdogo, si ule ule.

Njia tatu

Ya kwanza ilikuwa kununua gurudumu zima jipya. Magurudumu mengi ya resi yanayopatikana leo kwa breki za raba yana habu ya milimita 130 na hayachukui friwili ya kuzungushia kama hii. Fremu ya chuma hukubali kupanuliwa milimita nne, lakini baada ya hapo unabadili gia, cheni, na pengine vivuta gia. Mtu amekuja na tatizo moja, unamrudisha na manne.

Ya pili ni gurudumu la mtumba. Nililo nalo dukani nililipima mbele yake: 0.9. Mtumba wa ringi ni kama mtumba wa raba za breki.

Ya tatu, tuliyoichagua, ni kubaki na habu na kuivika ringi mpya. Uamuzi huo ulisimama juu ya hali ya habu, kwa hiyo niliikagua kwanza: mashavu, zile sahani mbili za pembeni zinazoshika spoku, hayana nyufa kwenye matundu yake, vikombe havina alama za gololi, ekseli imenyooka. Habu za zama zile ukizipa grisi haziombi kitu kingine.

Na kabla ya kulegeza spoku hata moja, nilifungua friwili. Hili nalisisitiza kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu. Friwili hujikaza kila mara mtu anapokanyaga pedali. Kuifungua kunahitaji nguvu ya mikono miwili, na hiyo nguvu unaipata kwa kulishika gurudumu zima kama usukani. Ukishakata spoku, umebaki na habu mkononi inayoteleza na friwili isiyotoka.

Ringi ya kwanza: "namba 28"

Kosa la kwanza ni langu. Mwalimu alipokwenda mjini nilimwambia kwa simu: "Uliza ringi ya 28, matundu 36." Alirudi nayo, imefungwa kwa magazeti, amefurahi. Ilikuwa ringi ya zile baiskeli nyeusi za mzigo.

Ishirini na nane ya baiskeli ya mzigo ni 28 x 1½, na tairi lake hukaa kwenye kipenyo cha milimita 635. Ringi ya 700C ni 622. Tofauti ni milimita 13: tairi la mwalimu halivai, na raba za breki zingehitaji kupanda milimita 6.5 ambazo breki zake hazina. Muuzaji hakukosea, alitoa alichoulizwa. Kibaya zaidi, hata Ujerumani ringi ya 622 huitwa ya inchi 28, kwa hiyo jina hilo hilo lina ringi zaidi ya moja duniani. Tangu siku hiyo siagizi kwa inchi. Nasema 622, na namwambia mtu aitafute namba hiyo ikiwa imechapwa ubavuni mwa tairi lake la zamani.

Duka lilikubali kuirudisha baada ya maneno mengi ya upole ya mwalimu, ambaye alikuwa amemfundisha mwenye duka.

Ringi ya pili, na hesabu ya spoku

Shemeji yake anayeishi Ulaya alikuja likizo na ringi ya 622, alumini, matundu 36, tundu la valvu nyembamba kama la zamani. Namba zote sawa. Lakini ukiziweka pamoja macho yanaona: ya zamani ilikuwa fupi kimo, mpya ina kimo kirefu zaidi na kuta mbili. Nati za spoku zitakaa karibu zaidi na habu.

Kuna njia ya mkato inayopendwa, nami huitumia inapofaa: unafunga ringi mpya ubavuni mwa ya zamani kwa tepu, valvu kwa valvu, kisha unahamisha spoku moja baada ya nyingine. Inafaa endapo ringi mbili zinatofautiana milimita mbili tatu tu, na spoku bado ni nzima. Nilipima. Nilichukua spoku mbili za zamani, nikafunga nati hadi ncha ya spoku ikafika usawa wa mfereji wa bisibisi, nikazikata zibaki milimita 200 kamili, nikazipitisha kwenye matundu yanayotazamana na kuzivuta. Kati yake ilibaki 203, jumla 603. Nikarudia sehemu nyingine mbili, ikawa ile ile. Ringi ya zamani kwa njia hiyo hiyo ilitoa 614. Karatasi iliyokuja na ringi mpya ilisema 605. Nilifuata rula yangu, kwa sababu viwanda havipimi wote kuanzia sehemu moja ya nati.

Milimita 11 za kipenyo ni milimita 5.5 kwa kila spoku. Uzi wa spoku una urefu wa kama milimita 10. Spoku za zamani zingefika mwisho wa uzi kabla ya kukaza.

Hesabu ya urefu mpya ni kanuni ya kosaini ya shuleni, na mwalimu, ambaye hufundisha hisabati, aliifanya yeye ubaoni kwangu kwa chaki ya kupigia mistari. Nusu ya kipenyo cha ringi 301.5. Nusu ya kipenyo cha duara la matundu kwenye shavu la habu 22.5. Kutoka katikati ya gurudumu hadi shavu la kulia 21, la kushoto 34. Spoku zinakingamana mara tatu, na kwa matundu 36 hiyo ni pembe ya nyuzi 60. Unajumlisha miraba ya namba hizo tatu, unatoa 301.5 mara 22.5 (kwa kuwa kosaini ya 60 ni nusu, ile mbili ya kwenye kanuni inajifuta), unachukua kipeo, kisha unapunguza nusu ya upana wa tundu la shavu. Kulia ikatoka 290.4, kushoto 291.6. Tuliagiza 290 na 292.

Mjini kuna spoku, za baiskeli za mzigo, ndefu. Ningeweza kuzikata na kuchonga uzi mpya. Niliwahi kufanya hivyo kwa gurudumu la mbele la mtoto. Kwa gurudumu la nyuma la mtu mzima anayeshuka mlima sikukubali: uzi wa kiwandani hubanwa kwa kuviringishwa, ukawa mnene kuliko waya wenyewe, ilhali wa kuchonga unakula waya. Tulisubiri za chuma kisichoshika kutu wiki tano. Hizo wiki tano ndizo alizolalamikia zaidi kuliko gharama.

Kusuka, kufumua, kusuka tena

Kosa la pili pia ni langu. Matundu ya ringi hayakutobolewa kwenye mstari mmoja. Moja limesogea kulia kidogo, linalofuata kushoto, kila moja linaelekea shavu lake la habu. Kwenye ringi ya zamani, tundu la kwanza upande wa kulia wa valvu lilielekea kulia. Kwenye mpya lilielekea kushoto. Nilijua kwamba viwanda vinatofautiana. Lakini nilikuwa nimepiga picha gurudumu la zamani kabla ya kulifumua, nikaiweka picha mbele yangu na kuinakili kama mwanafunzi anayenakili kwa jirani.

Spoku 18 zilikuwa zimeshaingia nilipoona zinakunjika pale zinapotoka kwenye nati, zote kwa namna moja. Spoku za kulia zilikuwa kwenye matundu ya kushoto. Zingeweza kukazwa, na gurudumu lingezunguka, na baada ya miezi zingeanza kukatika moja moja pale pale kwenye kunjo. Nikafumua zote, nikaanza tundu moja pembeni. Jioni ikapotea.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Nilitia oili kwenye uzi wa kila spoku, nikakaza zote hadi uzi ukafichika, kisha robo raundi, robo raundi. Sina stendi, naigeuza baiskeli miguu juu na kutumia raba za breki kama vidole vya kupimia. Kujua kama gurudumu liko katikati, nalitoa na kuligeuza kushoto-kulia kwenye fremu ile ile: tofauti unayoiona ni kosa mara mbili, hata fremu yenyewe ikiwa imepinda kidogo.

Mkazo niliupima kwa sikio na simu, kwa programu ya kusawazisha nyuzi za gitaa. Haikwambii mkazo ni kilo ngapi, lakini inakwambia nani amelegea kati ya wenzake: spoku mbili za upande mmoja zikitofautiana nusu toni, mkazo wao unatofautiana karibu asilimia 12. Usilinganishe kulia na kushoto. Kwenye gurudumu hili, spoku za kushoto lazima zilie chini, kwa kuwa shavu la kushoto liko mbali zaidi na katikati. Kwa 21 dhidi ya 34, mkazo wa kushoto ni kama asilimia 60 ya wa kulia, na fundi anayetaka zilie sawa atalitoa gurudumu katikati.

Mwisho nilizibana spoku mbili mbili kwa viganja, kuzunguka gurudumu lote, mpaka zikaacha kutoa mlio, kisha nikanyoosha tena. Ule mpira wa zamani wa kufunika nati nao niliutupa. Kwenye ringi ya kuta mbili matundu ya ndani ni makubwa, na kwa psi za juu tyubu husukuma mpira huo ndani ya tundu hadi ipasuke. Nikaweka utepe wa kitambaa.

Matokeo

Alirudi baada ya wiki mbili kama nilivyomwomba. Spoku tatu za kushoto zilikuwa zimelegea na kulikuwa na pogo ya karibu milimita 1. Dakika ishirini zilitosha. Hajarudi tena kwa spoku. Tairi la 28 sasa halijazwi zaidi ya psi 80. Raba ni mpya, na amezoea kuzichokoa kwa pini kila Jumamosi anapooshea baiskeli.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichookoa kisa hiki ni kupima upana mara mbili, tairi likiwa na upepo na bila upepo. Ni kazi ya dakika tatu, haihitaji kifaa zaidi ya venia, na ingemwokolea mwalimu malipo ya mafundi wawili. Kulinda habu pia kulikuwa sahihi, ingawa nakiri kwamba kwa mtu mwenye haraka, na mwenye fremu ya 130, ningemshauri gurudumu zima.

Kuacha spoku za zamani kulilazimishwa na milimita 11. Lakini hata ringi zingelingana, nadhani nisingezirudisha. Zilishakunja viwiko vyake miaka thelathini na zaidi kwenye mashavu yale yale, na bei ya spoku mpya ni ndogo kuliko ya kusuka upya.

Makosa yangu mawili, ile "28" ya kwenye simu na ile picha, yana mzizi mmoja: nilimwamini wa zamani badala ya kumtazama mpya aliye mkononi. Ringi ya kwanza niliagiza kwa jina la mazoea, ya pili niliisuka kwa sura ya marehemu. Yote mawili yaligharimu muda tu, kwa bahati.

La tatu ndilo linalonisumbua. Siku ile ya kwanza, venia ikiwa mkononi na baiskeli nzima mbele yangu, sikuipima ringi ya mbele. Ilionekana nzuri. Niliipima miezi mitano baadaye, alipokuja kubadili cheni: kushoto 1.3, kulia 1.2. Na sasa mwalimu anaitumia breki ya mbele, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwa hiyo itakwenda haraka kuliko zamani. Shemeji ameshaagizwa, safari hii kwa maandishi: 622, matundu 36, kimo kifupi.